Maji ya Miguu

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani nilipopita nyumba kwa nyumba pale Isyonje nikiomba maji ya moto. Mkononi nilikuwa na karai la bati, kipande cha sabuni, na bandeji ndani ya mfuko wa kitambaa. Mdogo wangu Nkuba alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, miguu ameinyoosha mbele, anataniana na dereva. Alikuwa amepanda mlima wote kutoka Mbeya mjini akikimbia, na wenzake alikuwa amewaacha mbali huko chini.

Ilikuwa Mei, mwaka 1976. Kamati ya michezo iliandaa mbio za milimani kutoka Mbeya hadi Iringa. Hazikupita barabara ya lami. Zilipita juu: Isyonje, Kitulo, Njombe, kisha Mufindi. Vijana walikimbia mchana, wakalala vijijini, asubuhi wakaendelea. Mshindi angechukuliwa kambi ya taifa Dar es Salaam, na Nkuba aliitaka kambi hiyo kuliko chakula. Kila mkimbiaji aliruhusiwa mtu wa kumhudumia. Nkuba alinichagua mimi, Leokadia, dada yake, ingawa sijui kukimbia hata kumfukuza kuku.

Kazi yangu ni udongo. Nilisomea kilimo chuo kikuu, na sasa napima udongo katika kituo cha utafiti Uyole. Kituo kilituazima Landrover na dereva wake, Yotamu, Mbena wa Njombe, ambaye aliniita Bibi Udongo. Katika mbio zile nilimsubiri Nkuba kando ya njia na kikombe cha uji mwembamba wenye glukosi. Nilimfundisha kukichukua bila kusimama. Jioni nilimwosha miguu, nikaikausha, nikaifunga.

Wazazi wetu ni Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, karibu na Igawa. Nkuba ni radi kwa lugha yetu. Alikua akikimbia nyuma ya ndama, na ndama mmoja alimkanyaga kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Ukucha wa kidole hicho haukuota tena.

Kikumbukeni kidole hicho.

Mlango mmoja ulifunguka. Mama wa makamo alichungulia, kanga mbili mabegani.

"Mwagonile," akatusalimu. "Ingieni ndani, wanangu. Mgeni haoshwi nje kwenye baridi kama ng'ombe."

"Huyu wa kwetu ni ng'ombe, mama," Yotamu akasema. "Subiri umwone anavyokula."

Aliitwa Sekela. Ndani kulikuwa na moto, moshi, na harufu ya viazi vinavyochomwa. Karibu na moto, kwenye kitanda cha kamba, alilala mzee aliyefunikwa blanketi hadi kidevuni.

"Ni baba yangu, mzee Jailos," Sekela akasema. "Miguu yake ilikufa zamani. Enzi za Waingereza alikuwa tarishi. Alibeba mfuko wa posta kutoka Tukuyu mpaka Iringa, kwa miguu."

"Shikamoo, babu," Nkuba akasema.

Mzee hakuitikia. Hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama miguu.

"Mnapita Kitulo?" akanong'ona.

"Ndiyo, babu."

"Halafu Njombe..."

"Ndiyo."

"Halafu Mufindi. Naijua. Mara ya mwisho sikufika." Akatoa mkono chini ya blanketi. "Sogea."

Nkuba akasogea. Mzee akamshika msuli wa mguu, akauminya polepole kutoka goti mpaka kisigino, kama mtu anayechagua dume la kununua.

"Babu, huyo hauzwi," Yotamu akasema.

Tulicheka wote. Mzee hakucheka.

Nilimwosha Nkuba, kila kidole. Nilikuwa nimesahau spiriti garini, nikatoka kuichukua. Niliporudi, karai halikuwepo mbele yake. Lilikuwa limefudikizwa kizingitini, vizuri kabisa, katikati.

"Maji yako wapi, mama?"

"Nimeshayamwaga, mwanangu. Mgeni hamwagi maji yake nyumbani kwa mtu."

Nilimshukuru. Nikaifunga miguu ya Nkuba kwa fundo langu, fundo la kujikunja mara mbili ambalo mtu mwingine hulifungua kwa shida. Nilipoinua kichwa nikaona kitu kimoja. Blanketi la mzee lilikuwa limepanda. Miguu yake ilikuwa nje, imekauka kama kuni.

Ilikuwa imelowa. Ilikuwa inatoa mvuke.

Nikajiambia binti amemwosha baba yake. Ningefikiri nini kingine?

Asubuhi Nkuba aliamka ana macho mekundu.

"Hukulala?"

"Nimelala kama gogo," akasema. "Ila miguu ndiyo haikulala, dada."

Tulicheka hata hilo. Akakimbia hadi Kitulo, akafika wa kwanza. Jioni nikamwosha tena, nikamulika kwa tochi katikati ya vidole. Hivyo ndivyo nilivyo. Siwezi kufunga kitu kabla sijakihakikisha. Maji nikayamwaga mwenyewe.

Asubuhi ya Kitulo majani yalikuwa meupe kwa barafu. Bandeji ilikuwa safi. Fundo lilikuwa langu, halijaguswa. Nikalifungua nibadilishe.

Ndani kulikuwa na tope.

Tope bichi, la baridi, limeingia hadi chini ya kucha. Ndani yake kulikuwa na chembe ndogo za kijivu. Nikazitia kwenye kikombe cha maji.

Zikaelea.

Kule milimani kuna jiwe jepesi kama mkate mkavu, lililotapikwa na volkano. Vipande vyake vimejaa kandokando ya barabara ya Isyonje. Pale tulipolala Kitulo udongo ni mweusi, wa majani yaliyooza. Nilichimba kwa kijiko karibu na hema, nikatafuta. Hazikuwepo.

Nilijilazimisha kuamini kwamba niliosha vibaya.

Nkuba alishinda tena siku hiyo, na siku iliyofuata. Lakini mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Alipokuja kuchukua kikombe njiani vidole vyake vilitetemeka, na uji ukamwagikia kifuani. Tulipofika Njombe alilala kabla sijamaliza kumfunga. Niliketi karibu naye. Niliangalia bandeji mpaka usingizi ukanishinda.

Asubuhi nikafungua fundo. Bandeji safi kabisa. Ndani, udongo mweusi wenye nyuzi za mizizi ya majani. Nikaunusa.

Ulinuka kondoo. Kitulo, pale tulipolala, palikuwa na zizi la kondoo.

Ndipo nilipoelewa. Nyayo za mdogo wangu zilikuwa zinaokota udongo wa mahali tulikokwisha kupita. Kulikuwa na mtu nyuma yetu. Alikuwa anatufuata, kituo kwa kituo.

Alikuwa anatufuata kwa miguu ya Nkuba.

Nilimwendea Yotamu aliyekuwa anasafisha plagi. Nilimwambia yote, nikitegemea mzaha. Hakufanya mzaha. Aliifuta plagi muda mrefu sana.

"Kule Isyonje," akanong'ona, "maji ya miguu yake ulimwaga wewe?"

"Alimwaga yule mama."

"Ulimwona akiyamwaga?"

Nikaona tena miguu ile iliyokauka, na mvuke.

"Kwetu maji ya miguu ya msafiri humwagwa njiani na mtu wa kwao," akasema. "Hata nikilala kwa shemeji yangu siyaachi. Nilidhani nanyi mnayo desturi hiyo. Nilidhani umeyamwaga, Bibi Udongo. Ningejua, nisingenyamaza."

Kwetu Usangu maji ni ya taabu. Maji ya miguu tunawapa ndama.

Nilimwomba Nkuba tuache. Nilimwomba nimepiga magoti, mimi niliye mkubwa wake. Alikuwa anafunga kamba za raba zake, na kila akimaliza kufunga alipumzika.

"Nikiacha nitawaambia nini, dada? Kwamba nimeota nakimbia?"

"Umeota?"

"Kila usiku. Nakimbia kwenye ukungu, nina mfuko mzito begani. Sioni mikono yangu. Naona miguu tu." Akatabasamu. "Inakwenda vizuri sana. Acha nimalize, dada. Kumebaki kidogo."

Akaondoka. Niliweza kufanya nini? Nilikuwa na kikombe tu na bandeji.

Siku ya Mafinga, huko Mufindi, ukungu haukuinuka kabisa. Yotamu alinishusha mbele, katikati ya msitu wa misonobari wa Sao Hill, nimngoje Nkuba na uji. Yeye akarudi nyuma na gari kumtazama, maana wakimbiaji wawili walikuwa wamekwisha kupita na Nkuba hajaonekana. Mchana ukaanza kuisha. Magogo yaliyokatwa yalinuka utomvu. Mashine ya mbao iliyokuwa inalia mbali ikanyamaza.

Nikasikia miguu.

Pa... pa... pa... pa...

Hatua nyepesi, sawasawa, za mtu ambaye hajachoka. Moyo wangu ukafurahi. Nikajaza kikombe. Nikanyoosha mkono juu ya barabara kama siku zote, nikasimama tayari.

Kivuli kikatoka kwenye ukungu. Nikaona miguu kwanza, kwa sababu niliinamisha macho kuitazama, kama kawaida yangu. Misuli ilikuwa ya Nkuba. Goti lilikuwa la Nkuba, na kovu lake la mwiba. Miguu ilikuwa mitupu, na kidole kidogo cha kushoto hakikuwa na ukucha.

Mkono ukachukua kikombe bila kusimama.

Mkono ulikuwa wa mzee.

Nikainua macho. Juu ya mapaja yale ya kijana kulikuwa na tumbo lililoingia ndani, mbavu, ndevu nyeupe zilizolowa ukungu. Alikunywa anakimbia. Akaangusha kikombe mchangani, kwa ustadi ule ule niliomfundisha ndugu yangu.

"Asante, binti," akanong'ona. "Unaitunza vizuri."

Akapita. Harufu ya moshi na viazi vya kuchoma ikabaki.

Nilisimama hivyo hivyo, mkono umenyooka, mpaka taa za Landrover zikatokea kutoka upande ule alikotoka mzee. Yotamu akaruka chini.

"Nimemwokota kule nyuma," akasema. "Ameanguka. Panda, panda uone."

Nkuba alikuwa amelala chali juu ya mablanketi. Macho wazi. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa ametulia kama maiti.

Miguu yake ilikuwa inakimbia.

Ilikuwa inakimbia hewani, pa, pa, pa, ikigonga bati la gari, hatua zile zile nilizozisikia barabarani.

"Izuie, dada," akanong'ona. "Siwezi kuisimamisha."

"Yuko mbele!" nikamwambia Yotamu. "Mzee yuko mbele, sasa hivi! Mfuate!"

Yotamu akakanyaga mafuta. Misonobari ikaanza kupita upesi, kijivu, kijivu. Mbele, mwisho wa mwanga wa taa, nikaona mgongo mwembamba na visigino viwili vinavyoruka. Tulikuwa tunamkaribia. Yotamu akaongeza mwendo.

Na nyuma yangu mlio ukaongezeka. Papapapapa. Nkuba akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake hata tulipokuwa watoto. Nikageuka. Nyayo zake zilikuwa zinapasuka. Ngozi ilifunguka mbele ya macho yangu, bila kitu kuigusa, na damu ikaruka kwenye turubai.

"Simamisha!"

"Nimemwona! Yule pale!"

"Simamisha gari, kaka! Tukimfukuza yule tunamkimbiza Nkuba!"

Breki zikalia. Injini ikazimika. Kimya.

Mbele kwenye ukungu, hatua zikapungua. Zikawa za kutembea. Zikasimama.

Alikuwa anatungoja.

Hatukusogea. Yotamu alishika usukani, machozi yakimtoka. Baada ya muda hatua zikaanza tena, bila haraka, kuelekea Iringa. Na miguu ya ndugu yangu ikaanza tena, bila haraka. Niliikumbatia yote miwili. Niliilalia kwa uzito wangu wote. Ilikwenda tu, chini ya kifua changu, kama vile sikuwepo.

Hospitali walisema ni uchovu wa misuli. Wakamshona nyayo, wakampa vidonge. Nikamleta nyumbani kwangu Uyole, kwenye nyumba ya kituo, mgongoni mwa Yotamu, kijana ambaye wiki moja kabla alipanda Isyonje anacheka.

Nilipanda tena kule mlimani kwa lori la viazi. Sekela alinifungulia kabla sijabisha. Kitanda cha kamba kilikuwa kitupu.

"Nilitaka aende hadi shambani tu," akasema, kabla sijauliza. "Alililia mlango miaka mingi, mwanangu. Aone mahindi yake, arudi. Aliniambia hivyo. Nikampa maji yale."

"Mwite arudi."

"Ulidhani sijamwita?" Alikuwa amekonda kuliko mimi. "Anapita hapa. Namsikia barabarani. Haingii."

"Basi niambie cha kufanya. Niambie kitu chochote."

Akaangalia miguu yangu, akaondoa macho haraka.

"Miguu ya kuazima huchoka," akasema. "Ikichoka..."

Hakumalizia. Alianza kunisukuma mlangoni, kwa upole, akilia. "Nenda nyumbani. Usikae hapa. Na usivue viatu."

Tangu hapo maisha yangu yamekuwa hivi. Giza likianza kuingia, miguu ya Nkuba huanza. Asubuhi hutulia, nami huosha nyayo na kusoma udongo. Mchanga wa mawe ya Iringa. Kwa hiyo alifika. Nilisherehekea peke yangu, nikidhani amemaliza alichokitaka. Kesho yake mchanga ule ule, halafu udongo mwekundu, halafu sindano za misonobari. Alikuwa anarudi. Halafu udongo mweusi wa mbuga ya Usangu, unaonata kama ugali, una samadi ndani yake. Labda ni samadi ya ng'ombe wa baba. Yotamu huja Jumamosi na mkungu wa ndizi, hujaribu kusema kitu cha kuchekesha, hushindwa. Miguu ya Nkuba inakauka. Mapaja yake sasa nayazungushia vidole vyangu vikakutana. Hulia usiku akidhani sisikii.

Juzi udongo ulikuwa na chokaa.

Chokaa hiyo naijua. Niliitia mwenyewe kwenye shamba la majaribio, nyuma ya nyumba hii.

Jana jioni nilirudi kutoka shambani, viatu vimejaa tope. Nilivivua kwenye mlango wa jiko, nikaosha miguu kwa karai, haraka, nikitazama huku na huku. Nilikuwa nainuka nikayamwage njiani mwenyewe. Nkuba akapiga kelele kutoka chumbani.

"Dada! Dada, njoo! Imesimama!"

Niliacha kila kitu, nikakimbia.

Giza lilikuwa limeingia na miguu yake ilikuwa imelala juu ya godoro. Tulikaa tumeishika, yeye goti hili, mimi lile. Tulingoja. Haikusogea. Nkuba akacheka, akalia, akanishika shingo kama mtoto. Akakunja kidole gumba cha mguu mwenyewe, akanionyesha, akakikunja tena.

Ndipo nilipokumbuka maji.

Karai lilikuwa limefudikizwa kizingitini. Vizuri kabisa, katikati. Nikapapasa ardhi pande zote kwa viganja vyangu.

Palikuwa pakavu.

Asubuhi hii ndugu yangu ametembea. Namsikia jikoni. Anakanyaga polepole, anajigonga mezani, anaimba wimbo wa kuchungia. Miguu yake, amesema, haina hata chembe ya vumbi. Ameniita mara mbili.

"Dada, uji tayari! Leo nakuhudumia mimi. Amka!"

"Nakuja," nimemjibu.

Nimelala kama gogo. Macho yananiuma, na mapaja ni mazito kama nimepanda mlima. Sijafunua blanketi. Nasikia tu kwa vidole vya mkono, huko chini, kitu chenye ubaridi na changarawe. Nimechukua chembe moja, nikaiminya gizani. Ni ndogo. Ni nyepesi.

Nikiitia kwenye kikombe cha maji, najua itaelea.